Mwenye Kupekua Naye Abishe Hodi

Wasomaji wetu wengi wa Ngarambe na vijiji vya jirani hawajapanda ndege, na pengine watashangaa kuona tunazungumza habari za viwanja vya ndege. Lakini linalompata msafiri wa ndege ndilo linalompata msafiri wa basi kwenye kizuizi cha barabarani, na mwenye baiskeli anayesimamishwa na askari wa wanyamapori akitoka porini. Mtu asiyemjua anamwambia: fungua, vua, inua mikono. Naye hutii. Swali letu ni hili: mtu huyo ana haki gani ya kutazama ndani ya nguo zetu na mizigo yetu, na haki hiyo inakoma wapi?

Kwanza tuseme kweli: upekuzi haukuzuka bure. Tarehe 7 Agosti 1998 magari yaliyojaa baruti yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Dar es Salaam na Nairobi. Hapa kwetu walikufa watu 11, na Nairobi zaidi ya 200. Tarehe 11 Septemba 2001 ndege 4 zilitekwa huko Marekani, watu karibu 3,000 wakafa. Desemba ya mwaka huo huo mtu mmoja alipanda ndege Paris akiwa ameficha baruti ndani ya viatu. Mwaka 2006 ikagunduliwa njama Uingereza ya kulipua ndege kwa vitu vya majimaji, na chupa zikazuiwa. Siku ya Krismasi 2009 kijana wa Nigeria aliyekuwa akielekea Detroit alikamatwa na baruti iliyoshonwa katika nguo yake ya ndani. Kila mara mwovu alipopata maficho mapya, mkono wa mpekuzi nao ulisogea karibu zaidi na mwili.

Wala sisi wa Rufiji na Kibiti hatuna haja ya kwenda mbali. Twaikumbuka miaka ya 2016 na 2017, viongozi wa vijiji walipokuwa wakiuawa. Twaikumbuka jioni ya tarehe 13 Aprili 2017, askari polisi 8 walipouawa wilayani Kibiti. Mwezi Mei mwaka huo pikipiki zilikatazwa kutembea usiku katika wilaya zetu. Asemaye kwamba askari hana haja ya kutazama mzigo wowote, huyo amewasahau wajane na yatima wa siku zile.

Basi hatubishani juu ya kupekuliwa. Twauliza juu ya namna yake na mpaka wake.

Baada ya Krismasi ile ya 2009, viwanja vingi vya Marekani na vingine vya Ulaya viliweka mashine zinazoona kupita nguo. Zile za mwanzo zilionyesha umbo la msafiri kana kwamba hana nguo, na aliyezikataa alipapaswa kwa mikono hadi karibu na sehemu za siri. Watu walilalamika sana. Kisha huko Marekani mashine zikabadilishwa ili zionyeshe mchoro mmoja tu, ule ule kwa kila msafiri, wenye alama mahali panapotakiwa kutazamwa. Na zile zisizoweza kubadilishwa ziliondolewa kufikia mwaka 2013. Ndege ziliendelea kuruka, na miili ya watu ikasitiriwa. Kumbe kuwaona watu uchi hakukuwa lazima! Watu wasingelalamika, pengine mpaka leo tungeambiwa kwamba ndiyo gharama ya usalama.

Wako wasemao: asiye na kosa ana nini cha kuficha? Tena husaidiwa na methali, kwamba mficha uchi hazai. Lakini tuitazame vizuri methali hiyo. Mama hujifunua mbele ya mkunga kwa sababu amemwita mwenyewe, kwa shida inayojulikana, na mlango umefungwa. Na mkunga mwema hatoki hapo akaenda kusimulia kisimani. Methali haimwamuru mama ajifunue sokoni. Kuficha si kukosa. Mtu ana dawa ambazo hataki jirani azijue. Mama ana fedha alizofunga kwenye pindo la khanga. Mzee ana nguo zilizochakaa ambazo asingependa abiria wenzake wazione. Hiyo ndiyo stara yao, na mtu akivuliwa stara mbele ya watu, hairudi kwa kuambiwa tu, "Haya, pita."

Mambo yanaweza kufika mbali, kama yalivyofika Doha, nchini Qatar, tarehe 2 Oktoba 2020. Mtoto mchanga alikutwa ametupwa katika choo cha uwanja wa ndege. Kwa neema ya Mungu alikuwa hai. Ili kumtafuta mama yake, wanawake waliteremshwa kutoka katika ndege kadhaa, wakapelekwa kwenye magari ya wagonjwa, na baadhi yao wakachunguzwa miili bila ridhaa yao na bila kuelezwa sababu. Baadaye serikali ya nchi hiyo iliomba radhi, na baadhi ya wanawake hao wakafungua kesi nchini Australia. Kumtafuta mama wa mtoto lilikuwa jambo jema. Lakini mama mmoja alitafutwa kwa kuwadhalilisha wanawake wengi wasio na hatia.

Nasi tuliona nia njema ikipotoka. Oktoba 2013 serikali yetu ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili, na kweli tembo wa Selous walikuwa wakiteketea. Lakini malalamiko ya watu kuteswa, kudhalilishwa na hata kuuawa yalizidi hata kazi hiyo ikasimamishwa, na tarehe 20 Desemba, baada ya taarifa ya Kamati ya Bunge, mawaziri 4 walipoteza nyadhifa zao. Ngarambe imepakana na pori hilo, ambalo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019. Sisi twataka mambo yote mawili: mnyama alindwe, na mtu asidhalilishwe.

Sheria zetu nazo zasema hivyo. Ibara ya 16 ya Katiba yatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake ya faragha na maskani yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yaagiza mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Na zamani zaidi, Torati katika Kumbukumbu sura ya 24 ilimkataza mwenye kukopesha asiingie nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba aitoe mwenyewe. Mkopeshaji anadai kwa haki, hata hivyo anangoja mlangoni. Sisi Waswahili twaijua adabu hiyo kwa neno moja: hodi.

Basi mpekuzi naye abishe hodi kwa mambo matatu. Aseme sababu. Asipite kiasi cha sababu hiyo. Na asitiri anachokiona. Akifanya hivyo, anatulinda, nasi yatupasa kumtii bila kinyongo na kumshukuru. Asipofanya, tunayo haki ya kumuuliza kwa upole, kumwomba mahali pa faragha, na kupeleka malalamiko kwa wakubwa wake.

Lakini tusimtazame askari peke yake. Ziko nyumba ambamo mtumishi wa ndani akiaga kwenda kwao, begi lake humwagwa sebuleni mbele ya watoto. Wako waume na wake wanaopekuana simu usiku. Hao hawatafuti baruti. Kama twataka kuheshimiwa uwanjani na barabarani, je, msichana yule anayetupikia amewahi kusikia hodi yetu?