Rupia ya Mjerumani na Amri ya Nane

Je, mtu anaweza kumdanganya jirani yake bila kutamka neno hata moja la uongo? Swali hili ni la zamani kama biashara yenyewe. Siku hizi limeingia katika nyumba zetu za Rungwe kwa njia ambayo wazee wetu hawakuitazamia, yaani kwa simu ya mkononi na sarafu kuukuu.

Historia ya mahali petu inaeleza sarafu hizo zilitoka wapi. Wakati wa Wajerumani, Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na ilikuwa makao ya utawala wao katika nchi ya Wanyakyusa. Kodi ya kibanda ilipoanzishwa mwaka 1898, hesabu yake ilikuwa ya rupia. Rupia hiyo ilikuwa sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 11.66. Mwanzoni iligawanywa katika pesa 64, na kuanzia mwaka 1904 ikagawanywa katika heller 100. Waingereza waliingia Tukuyu mwaka 1916, na mwaka 1921 wakaleta shilingi. Rupia ikafa, lakini sarafu zake hazikuondoka. Zilibaki chini ya sakafu, ndani ya masanduku ya bibi zetu na katika udongo wa migombani. Hata leo mtu anaweza kulima viazi akaokota heller yenye tundu katikati.

Zamani sarafu kama hiyo ilichezewa na watoto. Leo hupigwa picha na kutangazwa katika makundi ya WhatsApp, kwenye Facebook na katika minada ya mtandaoni inayofuatwa na wakusanyaji wa sarafu wa Dar es Salaam, Ujerumani na Marekani. Kukusanya sarafu si dhambi, na kuuza ulichookota shambani kwako si dhambi. Mtu akishika mkononi sarafu yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, anajifunza jambo ambalo kitabu hakimpi. Tatizo ni namna tangazo linavyoandikwa, na ni nani anayeumia. Mkusanyaji mzoefu haumii, kwa kuwa ana mizani na vitabu. Anayeumia ni yule aliyeanza juzi, mwenye hamu kubwa na ujuzi mdogo.

Tazama tangazo la namna hiyo linavyojengwa. Sarafu iliyotengenezwa kwa wingi huitwa "adimu sana". Picha hupigwa gizani, au huonyesha upande mmoja tu, ule usiochakaa. Sarafu iliyosuguliwa kwa majivu husifiwa kuwa "inang'aa kama mpya", na muuzaji anajua kwamba wakusanyaji huishusha thamani sarafu iliyosuguliwa. Bei ambayo mtu fulani wa Ulaya *anaiomba* huonyeshwa kana kwamba ni bei ambayo mtu *amelipa*. Mnada ukipoa, rafiki wa muuzaji hujifanya mnunuzi na kupandisha dau. Na pale inapouzwa nakala ya ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, neno "nakala" huwekwa mwisho kabisa, chini ya maelezo marefu ya historia, mahali ambapo macho ya mgeni hayafiki.

Wapo pia wanaotangaza sarafu za miaka ya mwanzo ya Tanzania, zile zilizoanza kutoka mwaka 1966 zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere, kana kwamba ishirini ya mbuni au hamsini ya sungura ingeweza kujenga nyumba. Sarafu hizo zilitengenezwa kwa wingi mno ili watu wanunulie chumvi na kiberiti.

Kijana mmoja wa usharika, ambaye simtaji, aliniambia neno lililonifanya niandike haya. Alikuwa ameuza heller kwa tangazo lililosema, "Sarafu ya Mjerumani, zaidi ya miaka mia moja, imetoka kwa babu." Nilipomuuliza kama mnunuzi alijua kwamba heller za aina ile zipo nyingi, alinijibu, "Mchungaji, sikusema uongo. Ni ya Mjerumani, ina zaidi ya miaka mia, na kweli ilikuwa ya babu. Asingeweza kuuliza?"

Hoja yake si ya kipuuzi. Inastahili jibu, na jibu lipo katika Maandiko, kwa mtu tusiyemtegemea. Katika Mwanzo sura ya 20, Abrahamu anafika Gerari na kusema kuhusu Sara kwamba ni dada yake. Mfalme Abimeleki anamtwaa Sara, na Mungu anamzuia kwa ndoto. Alipobanwa, Abrahamu alijitetea kama kijana wetu: Sara ni dada yake kweli, binti wa baba yake, ila si binti wa mama yake. Neno lake lilikuwa sahihi. Hata hivyo nyumba nzima ya Abimeleki iliingia hatarini kwa sababu ya neno hilo sahihi, kwa kuwa lilichaguliwa ili msikilizaji aamini jambo jingine ambalo si kweli, yaani kwamba Sara hana mume. Ajabu ni kwamba anayeliona kosa ni mfalme wa mataifa, na anayekemewa ni baba wa imani.

Hapa tunapata kipimo. Uongo haukai katika maneno peke yake. Unakaa katika kile ninachotaka jirani yangu aamini, huku mimi najua kwamba sicho. Kwa hiyo muuzaji hatoshi kujiuliza, "Je, nimesema jambo lisilo kweli?" Ajiulize pia, "Huyu akituma pesa yake, anaamini anapata nini? Je, ndicho ninachompelekea?"

Katika mafundisho ya Kipaimara tulijifunza Amri ya Saba na Amri ya Nane kama amri mbili, lakini katika tangazo la udanganyifu zinakutana. Luther, katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, anaieleza Amri ya Saba kwa kukataza si wizi wa mkono tu, bali pia kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbaya na biashara ya hila. Kisha anageukia upande wa pili: tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza mali yake. Katika Katekismo Kubwa anautaja wazi udanganyifu wa sokoni, wa vipimo, mizani na hata sarafu. Walawi 19:14 inaongeza jambo linaloingia moja kwa moja katika habari yetu, inapokataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Mnunuzi asiyejua ni kipofu katika jambo hilo moja. Upofu wake haunipi ruhusa, unaniongezea wajibu.

Sisi wa Rungwe hatuhitaji kufundishwa uchungu huu. Mkulima wa viazi wa Isongole au Kiwira anaijua lumbesa. Gunia linaitwa gunia, bei inaitwa bei ya gunia, lakini juu yake kimeshonwa kilemba cha viazi ambavyo hakuna anayevilipia. Mfanyabiashara hakusema uongo, alisema "gunia". Tunalia, na tunalia kwa haki. Basi yule anayelia kwa lumbesa siku ya soko, jioni akashika simu na kuandika "adimu sana" juu ya heller ya kawaida, ameshona kilemba chake mwenyewe.

Lipo pia tangazo la hila zaidi, ambalo muuzaji hajisifu kabisa. Anajifanya mjinga. Anaandika, "Nimekuta hizi kwenye sanduku la marehemu bibi, sijui ni nini, chukua kwa bei yoyote." Mnunuzi mchanga akisoma hivyo, moyo wake unaruka. Anadhani amempata mtu asiyejua dhahabu iliyomo mikononi mwake. Anatuma pesa upesi kabla muuzaji hajazinduka, kumbe muuzaji alizinduka zamani, na nakala zake zilinunuliwa kwa jumla. Mtego huu hauvuti ujinga wa mnunuzi tu. Unavuta tamaa yake. Mithali 20:14 inamwonyesha mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwenye nacho, kisha akienda zake hujisifu. Aliyetegwa kwa "sijui" ya uongo mara nyingi naye alikuwa amejiandaa kumwacha mwenzake katika "sijui" ya kweli.

Je, tamaa ya mnunuzi inamsafisha muuzaji? Hapana. Chambo hakiwi chakula kwa sababu samaki alikuwa na njaa. Lakini lazima tumwambie na aliyeumia ukweli, kwa upole: pesa iliyopotea ni msiba, na moyo uliotaka kumpunja mjane asiyejua nao unahitaji toba. Huenda mtu akaniuliza juu ya Mathayo 13:44, ambapo aliyeona hazina iliyofichwa shambani anaificha tena na kulinunua shamba. Yesu pale hafundishi namna ya kununua mashamba, kama vile habari ya wakili dhalimu haifundishi kughushi hati za madeni. Anachosifu ni furaha ya mtu aliyeuza vyote kwa ajili ya Ufalme.

Kipimo kile kile kinamfuata anayepita vijijini akinunua. Ukiijua thamani ya sarafu iliyo katika kibuyu cha bibi, na ukamwambia "hii ni chuma tu, nikupe elfu mbili ya sukari", hukumsaidia. Ujuzi wako unastahili faida, maana umejifunza na umelipa nauli. Unaweza kumwambia, "Bibi, hii ina thamani, mimi nitaiuza, nami nitabaki na sehemu yangu." Hapo bibi anajua anachokubali.

Hoja moja zaidi husemwa kwa sauti ya chini: "Wazungu walitutoza kodi kwa rupia hizi hizi. Nikimpunja mmoja wao, narudisha cha babu yangu." Kodi ile iliwaumiza babu zetu kweli, na si vema mtu yeyote aipunguze uzito. Lakini anayedai haki hudai mchana, kwa jina lake na kwa hesabu iliyo wazi. Anayedanganya gizani hadai kitu, anachukua. Tena mtandao haukuonyeshi uso wa mnunuzi. Huenda ni mstaafu wa Hamburg, huenda ni mwanafunzi wa Mbeya aliyejinyima chakula ili aanze mkusanyo wake.

Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na inafaa kuwakamata wezi walio wazi. Lakini ni vigumu kwa sheria kuufikia ukweli nusu wa "imetoka kwa babu". Mahali hapo hulindwa na dhamiri peke yake, na dhamiri hulelewa nyumbani na kanisani.

Kwa hiyo nawasihi, wapendwa, hasa vijana mnaouza kwa simu. Piga picha pande zote mbili, mchana. Andika uzito. Kama imesuguliwa, sema imesuguliwa. Kama ni nakala, neno hilo liwe la kwanza. Kama hujui, sema hujui, ila "sijui" yako iwe kweli. Usimwite rafiki apandishe dau. Nanyi mnaoanza kukusanya, msinunue kwa pupa. Ulizeni, pimeni, linganisheni na bei zilizolipwa, si zilizoombwa. Wala msiamini kwamba ndani ya rupia mna kitu cha siri: ni fedha, na shaba kidogo.

Na kama pesa imeshaingia na moyo unakusuta, Zakayo katika Luka 19 ametuonyesha njia. Hakungoja mahakama, wala hakusema walionipa walikubali. Alirudisha, tena mara nne. Yesu hakumwambia arudishe kwanza ndipo aingie nyumbani kwake. Aliingia kwanza, na baada ya kupokelewa hivyo Zakayo akaweza kufungua mfuko. Neema ndiyo inayotupa nguvu ya kumwandikia mtu tusiyemjua, aliye mbali, ujumbe mfupi: "Ile sarafu niliyokuuzia si adimu kama nilivyokuacha uamini. Nipe namba, nikurudishie."