Guu Huvunjika, Halivunjwi

"Asiyesikia la mkuu" siku hizi imekuwa methali ya vikao vya watumishi. Kijana akiuliza kwa nini utaratibu fulani uko hivyo ulivyo, mkuu wa idara hukohoa, hutamka nusu ya kwanza, na ukumbi mzima humalizia kwa kicheko. Kijana hukaa. Swali halijajibiwa, ila kila mtu ameelewa kuwa guu lake limo mikononi mwa bosi: uhamisho, alama za upimaji, safari isiyosainiwa.

Hapo methali imegeuzwa rungu. Wahenga hawakusema atavunjwa guu. Walisema huvunjika, kwa kuwa hakuna mvunjaji; kuna shimo njiani, na mkuu analijua kwa sababu alikwishapita. Anayeonya anakutakia guu zima. Anayetisha anataka tu useme ndiyo, shimo liwepo lisiwepo.

Na onyo lisilotaja shimo ni onyo gani? Fikiria masjala ya ardhi katika halmashauri. Karani wa miaka 58, aliyebakiza miwili kufikia kustaafu kwa lazima, anajua kwamba mchoro wa mtaa fulani uliwahi kuchorwa upya, viwanja vikabadilishwa namba, na faili la zamani lisiposomwa pamoja na jipya, kiwanja kimoja kitagawiwa watu wawili. Kompyuta haijui hayo, hakuna aliyeiambia. Karani akisema tu "hilo faili usiliguse", kisha akanyamaza, hajasema la mkuu. Amelinda kiti chake. Wazee wa namna hii siwaonei haya: wanakalia ujuzi ili wabembelezwe, halafu siku ya kuagwa wanapokea mabati na saruji, na waliobaki wanaanza kupapasa. Ukubwa ni jalala, wazee wangu. Kuulizwa swali lile lile mara ya tatu ni sehemu ya ukubwa huo.

Vijana nao wasichekelee. Shikamoo ya asubuhi haina maana ikiwa saa nne mzee anaeleza habari za faili na wewe macho yako kwenye simu.

Pagumu ni hapa: mkuu ni nani? Leo bosi ana miaka 33 na anayempelekea dokezo ana 57. Bosi anatoa shikamoo, kisha anatoa maagizo. Wapo watakaoshikilia kwamba methali inasema umri, basi. Nakubaliana nao nusu. Heshima ni ya umri, na kijana asiyeamkia mkubwa wake amepungukiwa malezi hata akiwa mkurugenzi. Lakini la mkuu ni onyo la aliyetangulia kupita, na zipo njia ambazo vijana ndio waliotangulia. Tazama NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Kuna wazee wanaompa kijana nywila zao "anisaidie kubonyeza". Kijana mwenye adabu na akili atasema: "Mzee wangu, samahani, hiyo usinipe. Keti hapa ubonyeze mwenyewe, nami nakuelekeza." Mzee akifoka kwamba mtoto hawezi kumfundisha kazi, na afoke. Mkaguzi atakapokuja kuuliza nani aliidhinisha zabuni ile, mfumo utaonyesha jina la mwenye nywila.