Je, Yafaa Kutia Chumvi Katika Habari za Watumwa?

Je, yafaa kumwongezea mgeni uchungu kwa habari isiyo na hakika, ikiwa habari yenyewe yaelekea kwenye jambo la haki? Swali hili humkabili kila mwenye kuwatembeza wageni Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa hadi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash bin Said alishurutishwa na Waingereza kuutia sahihi. Leo pana kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka huo huo chini ya Edward Steere, ambaye sisi walimu twamjua zaidi kwa kazi zake za sarufi. Pana maonyesho ya habari za utumwa. Na pana sanamu za watu waliofungwa minyororo, zimesimama shimoni.

Karibu nazo mna vyumba chini ya ardhi, vyenye dari ya kumfanya mtu mzima ainame. Aghalabu mgeni huambiwa kuwa humo ndimo watumwa walimosongwa wakingoja kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaokana: wasema jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la wamisionari, nalo lilijengwa baada ya soko kufungwa.

Mtetezi wa desturi hii atasema kuwa watu walisongwa, hilo halina shaka. Kama si chumba hiki, ni kingine. Mgeni aliyekuja kwa saa moja hataguswa na tarakimu, ataguswa na giza. Hoja hii ina uzito, na ni kweli kwamba giza hufundisha. Lakini mtu aliyeuzwa hakuacha mali yoyote duniani isipokuwa ukweli wa yaliyompata. Tukiuchanganya na dhana, twampa silaha yule apendaye kusema kwamba utumwa wa pwani ni hadithi iliyotungwa na wakoloni. Atakibomoa chumba kimoja tu, na soko zima litaporomoka machoni mwa wamsikilizao.

Iko na chumvi nyingine, isiyoonekana kwa kuwa ni ya kupunguza. Mgeni huweza kuondoka akidhani utumwa ulikoma mwaka 1873. La hasha! Kilichopigwa marufuku ni soko na biashara ya baharini. Hali yenyewe ya utumwa iliendelea kutambuliwa na sheria Unguja na Pemba hadi 1897, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Tanganyika ilingoja hadi 1922. Yule aliyepalilia mikarafuu ya bwana wake katika miaka ile 24, yuko wapi katika maneno ya mwongozaji?

Na waliokombolewa, je? Majina ya wakombozi twayajua: Kirk, Steere, Livingstone. Lakini mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu kiitwacho *Kiungani*, chenye habari zilizoandikwa na wavulana wa shule za misheni ile, naye akazifasiri kwa Kiingereza. Wavulana hao waeleza kwao ni wapi na walivyotekwa. Nasi tulio ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako misafara ya Manyema ilipitia ikielekea Ujiji, habari za namna hiyo zatuhusu kuliko sifa za balozi yeyote.

Mwongozaji aweza kusimama mlangoni pa vyumba vile, akataja yanayojulikana na yanayobishaniwa, kisha akawasomea wageni ukurasa mmoja wa mvulana wa Kiungani kabla hawajainama kuingia.