Enkidu na Wapagazi wa Kariakoo

Shujaa wa tenzi za kale hutafuta jina kwa sababu anajua atakufa. Ndiyo hoja anayoitoa Gilgamesh, mfalme wa Uruk, anapomshawishi rafiki yake Enkidu waende Msitu wa Mierezi kumuua Humbaba, mlinzi wa msitu huo: siku za binadamu zinahesabika, basi afadhali aanguke vitani akiacha sifa. Utenzi huo wa Mesopotamia, ulioandikwa juu ya vigae vya udongo, na vingi vyake kufukuliwa katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal mjini Ninawi, unaanza kwa kuikubali hoja hiyo. Kisha unaivunja.

Humbaba anauawa, na Fahali wa Mbinguni naye anauawa. Kwa sababu ya mauaji hayo, miungu inaamua mmoja wa marafiki hao afe, na anayechaguliwa ni Enkidu. Anaugua siku 12. Kinachomuuma si kufa tu, bali kufa kitandani, mbali na vita, kifo kisichompa mtu sifa. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Waswahili, alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, na usaliti huo ukawa kisa cha kusimuliwa vizazi kwa vizazi. Maradhi hayana kisa cha namna hiyo.

Anayeokoa heshima ya Enkidu ni rafiki yake. Gilgamesh anakataa kumzika, anamlilia siku sita na usiku saba, mpaka buu linadondoka kutoka puani mwa maiti. Anaita wahunzi na wachonga vito watengeneze sanamu ya rafiki yake kwa dhahabu na mawe ya thamani, kisha anafungua hazina yake kumtolea vitu vya kuzikwa navyo. Katika maombolezo yake anataja njia walizopita pamoja na wanyama waliowawinda. Hapo ndipo utenzi unapofikia kina chake. Sifa inaweza kumwagiwa umati mzima, lakini kilio humhusu mtu mmoja, mwenye jina lake.

Dar es Salaam ina deni la kilio cha namna hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, jengo la soko lililoachwa na Wajerumani, magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja na mitaa ya Mchafukoge, liligeuzwa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na eneo zima likabaki na jina la kikosi hicho: Kariakoo. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, barabara za magari zilikuwa haba, kwa hiyo vita vya kumfukuza Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, vilibebwa vichwani na mabegani. Wapagazi waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa kuliko na risasi. Rekodi za Waingereza zilihesabu vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikaribia 100,000 au kuizidi.

Je, wanastahili kuitwa mashujaa? Pingamizi lipo, na ni zito. Gilgamesh alichagua safari yake. Enkidu alimwonya kuhusu Humbaba, lakini akaenda naye kwa hiari. Wapagazi wengi walikamatwa vijijini na kulazimishwa. Kumsifu mtu kwa ushujaa aliosukumiwa ni kuufunika udhalimu aliotendewa. Kwa sababu hiyo, haki yao ya kwanza ni kutajwa na kuliliwa mmoja mmoja. Sifa itakuja baadaye.

Mnara wa Askari, uliozinduliwa mwaka 1927 katika barabara inayoitwa leo Samora, haukufanya hivyo. Juu yake amesimama askari wa shaba nyeusi, bunduki mbele yake. Maandishi yaliyotungwa na Rudyard Kipling yanawataja wapagazi pamoja na askari, na kumwahidi anayekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini majina yenyewe hayakuchongwa. Gilgamesh alimtengenezea Enkidu sanamu ya Enkidu. Dola ya Uingereza ilisimamisha sanamu ya askari asiye na jina.

Kwa miaka mingi, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa iliadhimishwa Mnazi Mmoja kwa kuweka ngao na mkuki, sime, upinde na mshale, shoka na mashada ya maua kwenye mnara wa mashujaa uliopo hapo. Ni heshima ya kweli, iliyo karibu sana na kile Gilgamesh alichofanya alipofungua hazina. Isipokuwa yeye alijua anamzika nani.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliofia Vita Kuu ya Kwanza wasiopewa kumbukumbu ya majina, au wasiokumbukwa kabisa, ni angalau 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.