Tembe zikikataa, nani ameamua?

Tembe za kutoa mimba changa zikikosa kufanya kazi, utasikia, "Mungu amekataa." Rafiki yangu aliambiwa hivyo, akakaa wiki tatu bila kwenda kliniki.

Dawa ya malaria ikishindwa, mbona hatusemi Mungu ameamua? Utaniambia mimba si malaria. Sawa. Lakini dawa ni dawa tu. Hata mifepristoni na misoprostoli zikitumiwa vizuri, wachache hubaki na mimba, na kutokwa damu si ushahidi kwamba imetoka. Tena misoprostoli inaweza kumwachia mtoto ulemavu. Kwa hivyo hata aliyebadili nia akaamua kuzaa anamhitaji daktari.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Basi anayemwambia dada anyamaze kwa sababu "ni ishara" hamtetei Mungu wala mtoto. Anafunga mlango tu.