Stafeli na muda wa mgonjwa

Saratani ikibisha hodi katika familia, ujumbe wa stafeli nao haukawii. Unatua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: tunda hili linaua seli za saratani mara 10,000 kuliko dawa za hospitali, ila wenye viwanda wameificha siri hiyo. Aliyeutuma anampenda mgonjwa, ndiyo maana ni vigumu kumjibu.

Namba hiyo ina chanzo chake. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichuja kemikali kutoka kwenye mbegu za stafeli na kuzijaribu kwa seli za saratani ya utumbo mpana zilizooteshwa maabara. Kemikali moja ilionekana kuziua kwa nguvu mara 10,000 kuliko dawa iitwayo Adriamycin. Lakini seli zile zilikuwa kwenye kichupa, hazina ini wala figo wala damu inayozunguka. Hata jiki ingeziua. Mpaka leo hakuna majaribio kwa wagonjwa yaliyothibitisha kwamba juisi ya stafeli au maji ya majani yake yanaponya saratani. Tena huko Guadeloupe, visiwa vya Karibi, mwaka 1999 watafiti walihusisha matumizi ya tunda hilo na majani yake na ugonjwa wa mwili kukakamaa unaofanana na Parkinson.

Siidharau mimea. Lipo ua dogo la pinki, asili yake Madagaska, ambalo wengi wetu tunalipanda uani kwa urembo tu. Humo ndimo ilimopatikana vinkristini, dawa ambayo tangu miaka ya 1960 imesaidia kuponya watoto wengi wenye saratani ya damu, na wengine wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akifanya kazi Kampala. Dawa hiyo ni sumu kali. Inapimwa kwa miligramu, inaingizwa kwenye mshipa, na mgonjwa anachunguzwa asidhurike. Anayechemsha majani kwenye sufuria hajui amekunywa kiasi gani cha kitu gani.

Burkitt huyohuyo, baada ya kuona saratani ya utumbo mpana ilivyokuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini, alitumia miaka mingi kuwahimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Kwangu mimi hapo ndipo nafasi ya tunda ilipo: mezani, kila siku, kabla ya ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Inaniuma kuona machungwa ya Muheza yakikosa wanunuzi msimu wake, na watoto wetu wakibeba soda kwenda shule.

Shangazi yangu alipata uvimbe kwenye titi akanyamaza. Tulipojua, alikuwa ameshakunywa majani ya mstafeli miezi kadhaa. "Mwanangu, kisu kikigusa uvimbe, unasambaa," aliniambia. Alikuwa mwalimu mstaafu, msomaji wa magazeti, mtu wa hoja. Aliogopa kisu, aliogopa gharama, akaogopa kusemwa mtaani, na katika yote aliyoambiwa majani ndiyo pekee yasiyomtisha. Alipokubali kwenda kwa daktari, kidonda kilikuwa kimeshafunguka. Tulimzika.

Siulaumu mstafeli. Ninachokilaumu ni ile miezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 kwamba wenye saratani ya titi waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara tano ya waliotibiwa hospitalini. Hapa kwetu wengi wanaopokelewa Taasisi ya Saratani Ocean Road wanafika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati ni vigumu zaidi kuutibu.

Mgonjwa apewe stafeli lake kwa kiasi, na papai, na tikiti, maana mionzi na dawa kali humwondolea mtu hamu ya kula, na tunda laini linapita kooni. Ila daktari aambiwe kila kinachonywewa nyumbani, majani na mizizi pia. Hata balungi, tunda la kawaida kabisa, huweza kupandisha kiasi cha baadhi ya dawa katika damu mpaka zikadhuru.

Wewe unayeutuma ule ujumbe, najua unamtakia mema. Basi mpigie simu mgonjwa, muulize kama amepimwa. Kama anaogopa, fuatana naye, kaa naye kwenye foleni. Kama shida ni nauli, mchangishieni kwenye kundi hilohilo. Na kama una binti wa miaka tisa hadi kumi na minne, mpeleke achanjwe dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na ni bure.