Hongo ya Ugogo

Mwaliko uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la "sisi wa kuja": Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba, mtaa wa Ilazo, kila mtu avae kabila lisilo lake. Atakayekuja na nguo za ofisini, faini yake kreti ya soda.

Wa kuja ndivyo tunavyojiita. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, ila wengi wetu tuliuheshimu kwa mbali, tukiwa Dar es Salaam, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii Serikali inahama kweli. Mwaka uliofuata nikashuka hapa na mabegi mawili, nikiulalamikia upepo. Kwetu ni Bagamoyo. Dodoma nimeishi kama abiria aliye stendi: mchana Mtumba kazini, usiku Ilazo kulala, Ijumaa ikifika macho kwenye ratiba ya basi, na siku hizi ya treni ya umeme.

Sherehe ilinoga. Mchaga mmoja alijifunga kanga mbili za Kizaramo, akawa anamnanga kila anayepita mlangoni. Msukuma alivaa kanzu, akajiita Mhaya, akawa anazungumza Kiingereza hata na mbuzi aliyekuwa jikoni anachomwa. Mhaya halisi akasimama, akamsahihisha lafudhi, kisha akamtaka aonyeshe vyeti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mimi nilivaa Kigogo: shuka nyeusi, shanga, fimbo, na udongo mwekundu usoni. Niliamini vazi hilo nalijua kuliko wote pale, kwa sababu mji wetu ndio uliomhifadhi Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuzunguka dunia na zeze na marimba yake, hadi alipofariki mwaka 2003. Popote alipopanda jukwaani, alipanda na vazi la kwao. Nilitazama picha zake, nikafuatisha.

Nikashangiliwa. Wakati huohuo mama aliyekodiwa kutupikia akatoka uani na sinia la pilau. Aliponiona aliliweka mezani, akanyoosha kitenge chake, akanisalimia kwa adabu zote: "Mbukwa." Nikabaki nacheka. Akaongeza sentensi moja ya Kigogo, akasubiri. Miaka saba nilikuwa nimekaa katika nchi hii, na sikuwa na neno hata moja la kumrudishia. Watu wakaangua kicheko. Katika ile nyumba nzima Mgogo alikuwa yeye peke yake, na hakuwa mwalikwa.

"Baba, njoo nikufunge vizuri," akaniambia. "Umeifunga kama mtu anayetoka kuoga."

Akanikaza shuka. Nikamuuliza alikuwa ameniambia nini.

"Nilikuuliza kama kwenu hawajambo. Basi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Yule fundi aliyejenga ukuta huu tumemzika juzi. Mtaa wa pili tu hapo. Hatukuwaona."

Akarudi uani kwake. Muziki ukaendelea, nami nikaendelea kushika fimbo, ila sasa nilikuwa kama mtu aliyeshika mzigo wa mwenzake asijue autue wapi.

Kuvaa umbo la mwingine ni mchezo wa zamani kwetu watu wa pwani. Mwishoni mwa karne ya 19 tulizusha ngoma ya beni: tarumbeta, gwaride, sare za kizungu, na vyeo vya ufalme na ujenerali. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaibeba beni mpaka ndani kabisa ya bara. Askari na makarani waliokuwa mbali na kwao wakajigawa Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975 anatuonyesha kwamba nyuma ya madoido kulikuwa na michango, kuuguzana na kuzikana. Wale nao walikuwa wa kuja. Lakini karani aliyejivika ujenerali alimvaa aliye juu yake. Mimi nilimvaa mtu ninayemlipa kwa kutwa.

Utani wa kwetu una masharti yake. Anayekutania unayo haki ya kumrudishia, na siku ya msiba wako ndiye anayefika kushika jembe huku akiendelea kukusema. Yule Mhaya alirudisha palepale, ndiyo maana tulicheka wote. Mama naye alirudisha. Deni alilolitaja ndilo nililokuwa nimelikimbia miaka yote saba.

Februari yule mama akafiwa na mjomba wake, kijijini huko Chamwino. Nilikwenda na shati langu la ofisini. Kule makaburini nikapokezwa jembe, nikakuta ardhi ya Ugogo mvua inapokatika ni sakafu. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kivuli cha mgunga akataka kujua kijana huyu anayehangaika ni wa wapi.

"Bagamoyo, mzee."

"Aaa, Bagamoyo!" Akawageukia wenzake. "Misafara yao ilipita hapa kwenda Tabora. Watemi wetu waliitoza hongo, vitambaa na shanga, ndipo inywe maji." Zamani hizo hongo ilikuwa ada ya njia, haikuwa bado neno la TAKUKURU. "Sasa huyu anakunywa maji yetu tangu lini?"

"Miaka saba," mama akamjibu kutoka walipokaa wanawake.

"Miaka saba! Na hongo yake iko wapi?"

Wachimbaji wote wakacheka. Nami nikacheka, jasho likinitiririka, kwa kuwa hakuna Mgogo aliyewahi kujisumbua kunitania. Nikamwambia mzee anipe sururu, jembe limenishinda, na hongo yake aanze kuihesabia kwenye shimo hili.

"Chimba," akasema. "Tutahesabu."